Msafara wa Watu Tisa Mbele ya Jengo la Tatu

Mama yangu bado anauita uwanja wetu wa ndege "Kisauni". Jina hilo liliachwa zamani, uwanja ukawa Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Zanzibar, na mwaka 2010 ukapewa jina la Abeid Amani Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, lakini kwa mama hayo yote ni mambo ya karatasi. Nilipomwambia kwamba safari yangu ya Maskati, Januari 2022, ingeanzia katika lile jengo jipya la abiria, Jengo la Tatu, ambalo watu walikuwa hawaachi kulizungumza, hakuuliza lina ghorofa ngapi wala kama ndani mna viti vya kutosha. Aliuliza hivi: "Na sisi tutasimama wapi?" Nilicheka, nikamwambia mahali pa kusimama hapakosekani.

Nyumba yetu iko Mpendae, upande wa kaskazini wa uwanja, na anayeishi Mpendae hahitaji kuambiwa ndege zinakwenda wapi. Barabara ya kurukia, yenye urefu wa mita 3,022, imelala kusini kwa kaskazini, na kwa kuwa kibla kwetu ni kaskazini, ndege huruka na kutua kama zilizopangwa kwenye safu ya sala. Upepo ndio unaoamua zipite upande gani. Jahazi hutaka upepo uipige kwa nyuma. Ndege huutafuta usoni, iwe inaruka au inatua. Kwa hiyo wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, ndege zinazoondoka huinuka kuelekea kwetu na kupita juu ya mapaa zikiwa zimejaa mafuta na zinanguruma, na wakati wa kusi, upepo utokao kusini, mambo hugeuka, zinazofika ndizo zinazotupitia, zikiwa zimeshusha magurudumu. Watoto wa mtaani kwetu hujua kusi limeingia kabla ya wavuvi kuwaambia. Nayasema haya mapema kwa sababu yatahitajika baadaye.

Siku ya safari tulikuwa watu tisa ndani ya Noah ya jirani, na msafiri ni mimi peke yangu. Kwa asiye wa kwetu hesabu hiyo huenda ikamshangaza. Kwetu mtu hasafiri bila kusindikizwa, hasa anapovuka bahari, na kutokwenda kumsindikiza ndugu yako ni jambo linaloweza kukumbushwa kwenye harusi miaka kumi baadaye. Alikuwamo mama, kaka yangu na mkewe, wifi mwengine, watoto watatu wa kaka, na bibi mmoja wa nyumba ya pili ambaye kusema kweli alikuja ili alione jengo. Hakulificha hilo. Alikuwa amevaa buibui lake la Idi.

Njiani kaka alitusimulia jengo lile kama mtu anayesimulia habari za jirani yake, maana kwa miaka mingi alikuwa akipita karibu nalo kwenda kazini. Ujenzi ulianza mwaka 2011 kwa mkopo wa Benki ya Exim ya China, na mjenzi alikuwa kampuni kubwa ya ujenzi kutoka Beijing. Halafu ukaingia ukimya. Kaka alisema zilipita nyakati ambapo nguzo zilisimama na hakuonekana mtu, mpaka watu wakaanza kulisema kama wanavyosema nyumba ya mtu aliyekwenda Arabuni akasahau kurudi. Lilichukua karibu miaka kumi. Abiria walianza kulitumia mwaka 2021, katika mwaka wa kwanza wa Rais Hussein Ali Mwinyi, na mwishoni mwa mwaka huo huo shughuli za kuliendesha zikakabidhiwa dnata, kampuni ya Dubai yenye uzoefu wa viwanja vingi. Safari za nje zikahamia humo, na ndege za ndani, zile ndogo za kwenda Pemba na Dar es Salaam, zikabaki upande wa majengo ya zamani.

Tulipokata kona ya mwisho, ndani ya gari pakawa kimya. Sitaki kutia chumvi: mimi nimepita katika jengo la tatu la Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2019, na nimepita katika lile la Maskati lililofunguliwa mwaka 2018, ambalo ukubwa wake unamfanya mtu atembee mpaka ajutie viatu alivyovaa. Mbele ya hayo, letu ni la wastani. Lakini macho hayapimi kwa mita tu. Hupima kwa kilichokuwapo kabla. Mtu aliyezoea jengo la zamani la Kisauni, ambako mwenye mizigo, mchukuzi, dereva wa teksi na mwenye kuaga walisukumana kwenye upenyo mmoja, akiona ukuta mrefu wa vioo unaoakisi minazi na mawingu ya kaskazi, na paa lililoinuka kana kwamba halina haja ya kubebwa, lazima anyamaze kidogo. Yule bibi wa nyumba ya pili ndiye aliyevunja ukimya. "Mashallah," alisema, "na usafi wake uko kwa nani?" Swali la mtu aliyewahi kuwa na nyumba kubwa.

Lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 1.5 kwa mwaka. Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta watu kama milioni 1.3 visiwani kote, Unguja na Pemba pamoja, kwa hiyo ni jengo linaloweza kuwapitisha Wazanzibari wote wa hesabu ile katika mwaka mmoja na nafasi ikabaki. Bila shaka halikujengwa kwa ajili yetu peke yetu. Mwaka 2019, kabla ya maradhi kufunga dunia, watalii zaidi ya 500,000 walikuja Zanzibar, na wengi wao walipita katika majengo ambayo hayakuwahi kufikiriwa kwa umati wa namna hiyo. Nakumbuka foleni za uhamiaji za wakati ule zilivyokuwa, wageni waliotoka kwenye baridi wakiwa bado na makoti yao, wanatota jasho na kujipepea kwa pasi zao. Anayesema jengo hili ni anasa hakuwahi kusimama katika foleni ile.

Basi tulishuka, mizigo ikashushwa, tukaelekea mlangoni tukiwa tumeshikana kama kawaida yetu, mama mbele, mimi kati. Na hapo ndipo swali la mama liliponirudia. Mlangoni alisimama kijana wa ulinzi, nadhifu, barakoa imemkaa vizuri, akatusalimia kwa heshima zote: "Chichei, bibi. Chichei, mama. Nani anasafiri?" Nikasema ni mimi. Akaomba aone tiketi na pasi, akaangalia, kisha akawageukia wenzangu wanane na kusema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeona haya kwa niaba ya nyumba yake, kwamba wasindikizaji mwisho wao ni hapo.

Si sheria mpya, wala si yetu peke yetu. Vipo viwanja vya nchi nyengine vinavyofanya hivyo kwa ajili ya ulinzi, na hata katika jengo la zamani asiye na tiketi alikuwa haingii ndani. Tofauti iko katika alichoweza kukiona akiwa nje. Nilipokuwa mdogo, katikati ya miaka ya tisini, tulikwenda kumsindikiza shangazi yangu alipohamia Maskati. Baada ya kuagana tulizunguka tukasimama kwenye uzio, na kutoka pale tulimwona akitoka, akitembea juani kuifuata ndege kwa miguu yake, mkoba begani, upepo ukilichezea buibui lake. Alipofika kwenye ngazi aligeuka, akapunga mkono. Hakuweza kutuona sote, tulikuwa wengi mno kwenye uzio ule na kila familia ilikuwa na msafiri wake, lakini alipunga, na mama akasema: "Ameniona." Mpaka leo mama akisimulia kuondoka kwa wifi yake huanzia kwenye ngazi ile. Maneno waliyoambiana mlangoni ameyasahau yote.

Mbele ya jengo jipya hakuna ngazi ya kuitazama, kwa sababu jengo lenyewe limesimama kati ya wanaobaki na ndege. Tuliagana pale pale penye toroli. Kaka alinisomea dua, mama akaniwekea mkono kichwani, akasema "fi amanillah, mwanangu", na watoto wa kaka wakaweka nyuso zao kwenye kioo ili waone ndani, jambo ambalo nina hakika waliosafisha kioo kile asubuhi hawakulipenda. Nikaingia. Nilipogeuka niliwaona wanasogeasogea upande wa pili wa kioo wakinitafuta, ilhali mimi nilikuwa mbele yao kabisa. Mwangaza wa nje ulikuwa mkali na vioo vilikuwa vinawarudishia sura zao wenyewe.

Ndani mna ubaridi wa kiyoyozi, sakafu inang'aa, na sauti za watu hupanda juu na kupotea, si kama kule kwa zamani ambako kila mtu alisikia kila kitu. Nilipofika kaunta ya mizigo begi langu likapanda kwenye mizani, likasema kilo 34. Ruhusa yangu ilikuwa 30. Makosa yalikuwa yangu, au tuseme yalikuwa ya shangazi, aliyeagiza vitu kwa simu mpaka usiku wa kuamkia safari. Aliagiza visheti, akaagiza ngisi mkavu, akaagiza kanga za maneno fulani aliyoyataja neno kwa neno, kisha akataka halua ya Wete. Nilimkumbusha kwamba yeye anakaa Maskati, kwenye halua inayotajwa dunia nzima, na kwamba kumpelekea halua ni sawa na kuchota maji kisimani kwenda kuyamwaga baharini. Alinijibu kwamba halua ya kule ni nzuri kwa wageni. Aliwahi pia kutaja karafuu mbichi na doriani, lakini hapo nilimkatalia: karafuu hazitoki kiholela, mnunuzi wake kisheria ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, na doriani inajulikana na kila rubani kwa harufu yake.

Kwa hiyo nilipiga magoti juu ya sakafu ile nzuri, mbele ya foleni ya Wataliana na Wapolishi, nikalifungua begi lililofungwa kwa kamba ya nazi, na mambo ya Mpendae yakatoka hadharani. Harufu ya ngisi haikuwahi kupita humo kabla ya siku ile, naamini. Katika jengo la zamani ningeita tu, "Kaka, pokea!", na mtu angenyoosha mkono kutoka upande wa pili. Safari hii nilisimama na kilo nne za vitu mikononi nikitazama mlango wa kioo ulivyo mbali. Dada mmoja wa kaunta, bila kuombwa, alimwita kijana wa mlangoni kwa simu yake ya upepo. Akaja. Ni yule yule. "Nipe, bi mkubwa, nitawapelekea," akasema. Sikujua kama niudhike kwa kuitwa bi mkubwa au nishukuru, maana umri wangu haujafika huko, nikaamua kushukuru. Nilimwona akivuka ukumbi mzima amekumbatia pakiti mbili za visheti na doti tatu za kanga, kwa uangalifu kama amebeba mtoto wa watu, na mlango ulipofunguka nikaona mkono wa mama unapokea.

Nimepita viwanja vingi vyenye vioo virefu kuliko hivyo, na sijaona kwengine mlinzi akifanya kazi ile.

Uhamiaji palikwenda haraka, vyeti vya vipimo vya UVIKO vikaangaliwa, pasi ikagongwa muhuri, mashine ya ukaguzi ikanivua kila nilichovaa isipokuwa heshima yangu. Ukumbi wa kungojea ndege ulikuwa bado una harufu ya rangi na maduka mengine yalikuwa yanapangwa. Katika moja lililokuwa wazi nilikuta mdalasini, iliki na karafuu katika vifurushi vidogo vilivyofungwa utepe, na bei ya kifurushi kimoja ingekupa sokoni Darajani kikapu cha kutosha biriani ya khitma. Sikulaumu; anayenunua pale ananunua kumbukumbu, na kumbukumbu haina bei ya jumla. Kilichonifurahisha zaidi kilikuwa sauti ya binti aliyekuwa akitangaza. Alianza kwa Kiingereza cha kukariri, kisha akageukia Kiswahili, akasema "abiria munaosafiri kwenda Maskati". Munaosafiri. Mtangazaji wa Dar es Salaam angesema "mnaosafiri" na asingekosea, lakini ile "mu" ya kwetu katika ukumbi ule wa vyuma na vioo iliniambia niko wapi kuliko bango lolote.

Ndege iliruka alasiri, kaskazi likiwa limeshika. Tuliinuka kuelekea kaskazini na nikakiegemeza kipaji changu cha uso kwenye dirisha, nikitafuta paa letu kati ya mapaa ya bati ya Mpendae. Yalikuwa mamia, yote yana kutu ile ile. Kisha ukaja uwanja wa mpira wa Amani, halafu bahari.

Nilikaa Maskati karibu miezi sita. Nilirudi Julai, kusi linavuma, kwa hiyo safari hii tulishuka kutoka kaskazini, na waliokaa upande wa kulia tuliona mji mzima umelala jioni: majumba marefu ya Michenzani kama sanduku zilizopangwa, nyuma yake mapaa ya Mji Mkongwe yaliyobanana, na vyombo vikiingia bandarini Malindi. Uhamiaji palikuwa na watu wengi kuliko nilivyopaacha, msimu wa watalii umekwisha anza, ila foleni ilikuwa inatembea na hakuna aliyekuwa akijipepea kwa pasi. Mizigo ilitoka. Harufu ya rangi ilikuwa imekwisha. Jengo lilikuwa limeanza kuzoewa, na penye kaunta moja nikaona birika la chai la mtu, limefunikwa kwa kitambaa, dalili ya kwamba wafanyakazi wamehamia kweli.

Nje ya mlango wa kutokea, safu ya mbele ilikuwa ya madereva wa hoteli, kila mmoja na kibao chake chenye jina la mgeni: majina ya Kijerumani, ya Kifaransa, ya Kipolishi. Nyuma yao, wamejinyoosha shingo, walikuwa watu wetu. Sioni ubaya hapo, madereva wako kazini, lakini kama waliolijenga wangeniuliza ningeomba kitu kimoja tu, ukumbi wa wapokeaji na wasindikizaji, wenye mabenchi marefu na dirisha moja linaloangalia ndege. Hata la kulipia. Watu wa visiwa hivi wangelipa.

Na wetu hawakukubali kushindwa na hoteli. Kati ya vile vibao nilikiona kimoja cha boksi la sabuni, maandishi yake yamepinda, kimeinuliwa na mtoto wa kaka aliyekaa mabegani mwa baba yake: SHANGAZI. Wanawake watatu tuliokuwa tunatoka pamoja tuligeuka kwa mpigo. Mmoja wao alimpungia mkono mtoto yule kabla hajatambua kwamba si wake, tukacheka wote, na sikumbuki mapokezi mengine yaliyoanza vizuri hivyo.

Ndani ya Noah, nikiwa nimebanwa kati ya mama na yule bibi wa nyumba ya pili, niliuliza siku ile ya Januari walifanya nini baada ya mimi kuingia. Kaka akaanza kucheka. Akasema mama aliwaambia warudi nyumbani mbio, hata soda hawakunywa njiani, na walipofika alipanda juu ya dari ya zege tunakoanikia nguo, na zile doti tatu za kanga zilizorudishwa bado ziko mkononi. Ndege ya kwanza ilipopita aliipungia kanga. Ikapita ya pili, akaipungia. Kaka akamwambia kwamba ile ni ndogo, imeelekea Pemba, ina abiria wasiozidi dazani. Mama akaipungia hata hivyo, kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akangoja ya tatu.

"Moja ilikuwa yako," mama akasema, akitazama nje ya dirisha la gari. "Uliniona?"

Nikamwambia nilimwona.